Kasha la njumu, kiti cha enzi au mbuzi ya kukunia: kipi kiingie sebuleni kwangu?

BintiTanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaopenda vitu vya kale na vya ajabu ajabu kama mimi. Nimehamia nyumba ya kupanga hapa Tanga, sebule ndogo, ukuta mmoja bado mtupu. Nimedunduliza laki tano tangu Ramadhani. Nataka kitu kimoja tu, kilichopita kwenye mikono ya fundi, ambacho mgeni akiingia atauliza "hiki nini?" hata kabla hajakaribishwa kiti.

Nimeona vitatu. Kasha la njumu, yaani sanduku la mbao lililopigiliwa misumari ya mapambo, liko Mji Mkongwe, Unguja. Si kubwa, mtu mmoja na nusu mnaweza kulibeba. Njumu za shaba zimepangwa maua na nusu mwezi, chini lina droo tatu, na muuzaji anasema limepita miaka mia. Anataka laki saba, lakini naona dalili za kushuka.

Kiti cha enzi ni kazi mpya ya fundi wa Lamu, anakiuza jamaa mmoja wa Mombasa. Cheusi, mgongo mrefu uliosukwa kwa kamba nyembamba, na vipande vyeupe vya mfupa vilivyopachikwa kwenye mbao. Laki tano kamili, usafiri juu yangu.

Cha tatu nasita hata kukitaja mbele ya hivyo viwili. Ni mbuzi ya kukunia nazi, ya bibi mmoja Pangani. Nilikwenda kwake kununua mkeka, nikaiona imeegemezwa mlangoni. Miguu imechongwa kwa nakshi, na pale pa kukalia pamelika hadi pamebonyea kama sahani. Hajanitajia bei. Tangu siku ile nimeiota mara mbili.

Nisaidieni.

FundiMsaji

Dada, makasha ndiyo kazi yangu hapa Unguja, nayakarabati mwaka wa ishirini sasa, kwa hiyo nitasema kirefu kidogo.

Makasha mengi ya zamani unayoyakuta pwani yetu yalikuja na majahazi kutoka Bara Hindi, Surat na Bombay, na mbao yake ni msaji. Mafundi wa huku nao wakayatengeneza kwa namna yao. Kabla ya kabati, kasha ndilo lililokuwa kabati: nguo za bibi harusi, dhahabu, hati za shamba, udi na marashi. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalofanya mimi ni kufungua kifuniko, kuingiza kichwa ndani na kunusa. Kasha lililotunza nguo miaka mingi lina harufu yake, tamu kidogo na kavu. Lililozeeshwa juzi kwa rangi ya viatu linanuka rangi ya viatu.

Kisha pitisha kidole gumba juu ya njumu, taratibu, ukiwa umefumba macho. Zilizofuliwa kwa mkono hazilingani. Moja ina kichwa kipana, nyingine imelala upande, ya tatu ina ukingo unaokwaruza. Zikiwa laini zote sawasawa kama shanga, hizo zimetoka kwenye pakiti.

Ndani, upande mmoja, utakuta kijisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Usikipuuze. Kwenye baadhi ya makasha, ubao wa mbele wa kijisanduku hicho huvutwa juu, na nyuma yake kuna droo ndogo za siri. Siku ya kwanza kuvuta ubao wa namna hiyo nilikuwa kijana, nikakuta kipande cha ubani na kitufe cha kanzu. Nilikaa chini kabisa. Mtu alikificha kitufe!

Mwisho, ligeuze. Chini hakuna anayepaka rangi. Tazama mbao yenyewe, na tazama matundu ya fukusi. Gonga kwa kifundo cha kidole. Unga mweupe mpya ukidondoka, wadudu wamo na wanakula.

Likifaulu hayo yote, chukua kasha. Nitumie picha za chini.

MwanaAmu

Mimi ni wa kiti, na sifichi.

Kiti cha enzi hakikutengenezwa kwa ajili ya kupumzikia. Mgongo wake umenyooka ili aliyekikalia naye anyooke. Katika nyumba za mawe za Amu, yaani Lamu, kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima, na kile kibao cha kuwekea miguu kilikuwa cha kumwinua asikanyage sakafu kama sisi wengine. Mbele ya ukuta mweupe wa chokaa, kwa mwanga wa jioni, kazi ya kamba ile hutupa kivuli cha miraba ukutani. Ukipata nafasi ya kupita Amu, ingia makumbusho yetu pale ufukweni uvione vya zamani, vya mpingo na pembe. Siyu, kisiwani Pate, nako kulisifika kwa mafundi wa mbao na ngozi. Hakuna kitu pwani nzima kinachonifanya nijisikie mtu wa kwetu kama kiti kile.

Lakini utavusha mpaka pale Horohoro, kwa hiyo sikiliza. Muulize jamaa ile nyeupe ni mfupa wa nini, na aandike kwenye risiti. Biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi ilipigwa marufuku mwaka 1989 na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na afisa wa forodha hana wajibu wa kukuamini kwa mdomo. Mfupa wa ng'ombe au wa ngamia hauna neno kwa mkataba huo. Na kwa wengine mnaosoma: sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, hakitoki bila kibali. Milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946 nazo zinalindwa. Kiti kipya hakiguswi na sheria hiyo.

Swali langu moja: sebule ina upana gani? Kiti kile hakipendi kubanwa.

MamaWaMaskati

Assalamu alaikum wanangu. Mimi niko Maskati, Oman, na ninapoandika haya kasha la mama yangu liko mbele yangu. Alikuja nalo kutoka Unguja. Huku wenyewe huliita mandusi, na ukienda soko la Matrah utayakuta yamepangwa mpaka mlangoni, mapya na ya zamani yamechanganyika.

Binti, usifanye kosa langu. Nililipeleka kwa watu wakaling'arishe kwa ajili ya harusi ya mwanangu. Likarudi linametameta kama sufuria mpya. Walikuwa wamelikwangua mbao yote, ile rangi ya kahawia nzito iliyotokana na mikono ya mama na ya bibi ikaondoka pamoja na vumbi. Nililia. Njumu zinasafishwa moja moja, kwa ukwaju au ndimu na majivu yaliyochekechwa, pamba imezungushiwa kijiti, na mbao isiguswe na maji yale. Kazi ya siku tatu, na ni kazi tamu ukiwa na mtu wa kuzungumza naye.

Kasha kwangu ni namba moja, hilo sina la kuficha. Ila laki saba kwa kasha la kweli la miaka mia, tena lenye droo tatu? Bei hiyo inanitia shaka.

KoroboiAroba

Dada Tanga, samahani naongeza cha nne. Mimi niko Morogoro, nakusanya koroboi na vibatari vya bati. Ninavyo arobaini na kitu, na vyote pamoja havijafika laki moja.

Watu wanaviona takataka. Ninacho kimoja kilichotengenezwa kwa kopo la dawa ya mbu, na picha ya mbu bado iko ubavuni, kichwa chini miguu juu, kwa sababu fundi alikata kopo kwa namna bati litakavyotosha, akaiacha picha ipinduke. Mkono wake ni utepe wa bati uliokunjwa kingo mara mbili usimkate mtu. Sehemu ya tambi ni kijibomba chembamba kama kalamu. Kimekunjwa na kugongwa tu, bila tone la risasi ya kulehemu, na mafuta hayavuji! Fundi huyo hakusaini popote, lakini nimeshajua mkono wake, ninavyo vitatu vyake.

Ukuta mtupu, rafu mbili, koroboi kumi na mbili za makopo tofauti. Fikiria.

BintiTanga

Kaka, hizo koroboi nimezipenda kweli, nitakuja Morogoro kuziona. Ila kwa sasa nataka kimoja. Nikianza na kumi na mbili sitaishia hapo, najijua.

MjukuuWaKisauni

Nashangaa hakuna aliyeigusa mbuzi.

Kasha lilitengenezwa kutunza mali, na kiti kumpandisha mtu daraja. Mbuzi ni kifaa cha jikoni. Mbao mbili zinapishana kama mkasi, zimeshikwa na kigingi kimoja, mbele umetoka ulimi wa chuma wenye meno. Ukimaliza unaikunja. Fundi angeweza kuishia hapo, nazi ingekunwa vilevile. Lakini alikaa akachonga maua kwenye miguu ambayo itakuwa chini ya kanga ya mtu, ndani ya moshi, haionwi na mgeni yeyote. Mimi jambo hilo hunigusa kuliko njumu zote za Surat.

Na huko kulika kwa mahali pa kukalia, dada, huko hakuigizwi. Rangi ya viatu haiwezi kulibonyeza gogo. Hiyo ni miaka ya mtu kukaa palepale kila alasiri, krr krr krr, nazi ya wali, nazi ya samaki, nazi ya maharage.

Tazama vitu vitatu: kigingi kisilegee, ulimi usicheze kwenye mbao, na meno yasiwe yamelika hadi shinani. Na ukiinunua, ikune nazi. Usiigongee msumari ukutani ikakaukia huko.

FundiMsaji

Mjukuu umesema vizuri, nakubali karibu yote. Ila nazi ya kula isikunwe kwenye chuma chenye kutu kabla hakijasafishwa. Na mbao ikiwa na nyufa, iachwe ipumzike, isipakwe vanishi.

BintiTanga

Narudi na habari, wiki mbili baadaye.

Unguja nimefika. Nilinusa: rangi ya viatu. Nilifumba macho nikapitisha kidole gumba: shanga tupu. Nilimwomba muuzaji tuligeuze, akanisaidia bila kinyongo, na chini kulikuwa na plaiwudi. Kasha ni zuri, sisemi vibaya, fundi wake anajua kupanga maua. Lakini si lile nililoelezwa. Mama wa Maskati, shikamoo, bei ilikuwa imeshaniambia.

Jamaa wa Mombasa nilimuuliza mfupa wa nini. Akasema "mfupa tu". Nikamuuliza tena, akasema nisiwe na wasiwasi, kuna njia ya kupitisha. Nikaishia hapo. MwanaAmu, kiti nitakuja kukiagiza kwa fundi mwenyewe, na sebule nitatafuta kubwa zaidi.

Nikaenda Pangani. Bibi akasema hatataja bei mpaka nimkunie nazi moja. Akaivunja kwa kisu, akanipa kifuu cha kwanza, akaketi kwenye mkeka kunitazama. Nilikaa pale palipobonyea na pakanipokea, siwezi kueleza vingine. Nikaanza. Mara akanishika kifundo cha mkono: nilikuwa nakwenda ndani sana, naifikia ngozi ya kahawia, tui litakuwa jeusi. Akanionyesha kukizungusha kifuu kidogo kidogo kwa viganja vyote viwili, kuanzia ukingoni kwenda katikati. Nazi ya kifuu cha pili ilitoka nyeupe tupu. Akachukua nazi iliyokunwa kwenye ncha za vidole, akatazama, akaonja, akasema "elfu arobaini, na kifumbu cha kuchujia tui sikupi".

Mikono inamuuma, wajukuu wananunua tui la pakiti. Hakusema zaidi na mimi sikumchimba.

Sasa iko sebuleni, chini ya ukuta mtupu, na ukuta nimeuacha mtupu. Wageni wawili wameshauliza.

FundiMsaji

Hongera sana dada! Nipigie picha ya kigingi. Kikiwa kimelika nitakuchongea kingine cha msaji, bure, nikutumie kwa boti.

BintiTanga

Ahsante kaka, Mungu akubariki, lakini kigingi kinabaki. Ni cha mkoko, alikichonga marehemu mume wa bibi, kile cha kwanza kilipovunjika. Tatizo ni meno. Yako kumi na tatu, na mawili ya kushoto yamelala.

FundiMsaji

Basi kiache. Meno yaliyolala yainue kwa koleo pole pole, usiyalazimishe siku moja. Kisha yanoe kwa tupa ndogo ya pembe tatu, toka shinani kwenda nchani, mara tano tano kila jino, na uhesabu, ili yote yapate sawa. Kuna kutu? Ikande kwa ndimu na chumvi, isuuze, ifute ikauke kabisa, halafu ukune nazi moja kuukuu uitupe. Ya pili pikia wali.