Wakuu naomba ushauri: Brisbane mpaka Rubyvale na familia, Corolla inatosha? Na mawe yapo kweli?

Baba Zuhura (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Naishi Brisbane, Australia, na mke na watoto watatu. Likizo ya shule ya Juni na Julai nataka kuwapeleka ndani kabisa, Queensland ya kati, tupige hema Sapphire au Rubyvale, vijiji vya machimbo, tuchekeche safaya, yale mawe ya vito. Mtu wa kawaida anaruhusiwa kuchimba, nimeshaulizia. Maswali yangu: Corolla inatosha au nikodi 4x4? Na je, kwa likizo moja mtu anaweza kutoka na mawe ya maana? Majibu ya haraka tafadhali, sina raha.

Kiti Cha Mbele
Nimewahi siti. Wajuzi waje.

Dereva Mstaafu
Corolla inatosha, usipoteze hela. Toowoomba, Roma, Injune, Rolleston, Springsure mpaka Emerald ni lami, na kutoka Emerald kwenda Anakie na Sapphire pia lami. Ni karibu kilomita 900, usizimalize siku moja na watoto. Shida ya kule ni kangaruu. Jua likianza kushuka wanatoka porini kuja kula majani ya kando ya barabara, na hawana adabu ya kusubiri upite. Ukikodi gari soma mkataba vizuri, kampuni nyingi hazikulipii ukigonga mnyama usiku nje ya mji. Na malori ya trela mbili tatu, usiyapite mpaka uone mbele kweupe kabisa. Mimi enzi zangu nashuka Kitonga na Scania, breki zimeanza kunuka, utingo kashafungua mlango anataka kuruka...

Kiti Cha Mbele
Mzee endelea, utingo aliruka?

Dereva Mstaafu
Alirukia kichaka cha miiba. Mpaka leo ananidai hela ya suruali.

Mama Shupavu
Mtaani kwetu mtu akitaka kufurahisha watoto anawapeleka kuogelea. Wewe unawapeleka kuchimba! Halafu baridi ya Julai huko ndani usiku si mchezo, mchana jua zuri, usiku meno yanagongana. Mkeo amekubali kulala hemani?

Baba Zuhura
Mke amekubali, ila yeye anajua safari ni ya korongo la Carnarvon Gorge na Sapphire tunapita tu mara moja, watoto waone ile michoro ya mikono ya wenyeji wa asili kwenye miamba. Naombeni mrudi kwenye swali la mawe.

Mwanaapolo Mstaafu
Sasa tumefika kwangu. Nimekula vumbi la Mirerani, machimbo ya tanzanaiti, miaka mingi kabla hayajazungushiwa ukuta, kwa hiyo nisikilize. Safaya ni nzito kuliko changarawe, ndiyo siri yote. Unajaza chekeche, unalizamisha kwenye maji, unalitikisa juu chini huku unalizungusha taratibu. Vizito vyote vinashuka na kukusanyika katikati, chini kabisa. Halafu unaligeuza kwa mkupuo mmoja juu ya gunia lililolowa, na kile kilichokuwa chini sasa kipo juu. Elekea jua. Utaona kitu kama kipande cha chupa iliyovunjika, kijani au bluu iliyoiva, au rangi mbili kwenye jiwe moja. Usikurupuke, kiokote kwa koleo dogo. Mvua ikishanyesha usichimbe kabisa, tembea tu asubuhi jua likiwa chini, mengine yanang'aa yenyewe juu ya udongo.
Kwa watoto, nunua ndoo za changarawe zinazouzwa palepale, wachekeche bila kuingia shimoni. Leseni ya kuchekecha, ile ya familia, inakuhusu wewe, mkeo na watoto. Zana za mkono tu, hakuna mashine, hakuna kuchimba kuingia chini ya ukuta wa shimo.
Lakini nakuuliza: leseni ile ni ya burudani. Mawe "ya maana" unayataka ya nini?

Baba Zuhura
Ya kumbukumbu tu mkuu.

Mwanaapolo Mstaafu
Mtu wa kumbukumbu hakosi raha. Nimekaa na mabroka, naijua sauti hiyo.

Mama Shupavu
Na haraka ya nini? Likizo ina tarehe yake, haikimbii.

Baba Zuhura
Basi niseme. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu hapa, tuna mfuko wa misiba, wa kusafirisha maiti kurudi nyumbani. Kuna pesa niliiazima humo, biashara ya mtu ikakwama. Mkutano wa hesabu ni Agosti. Nimeshanunua machekeche mawili na kambi nimelipia, kwa hiyo msiniambie nisiende. Na msiseme haiwezekani. Safaya ya Black Star of Queensland iliokotwa hukohuko Anakie na mtoto, miaka ya 1930. Mwaka 1947 Harry Kazanjian, sonara wa Marekani, aliinunua dola 18,000. Laizer wa tanzanaiti kule Mirerani naye alikuwa mchimbaji mdogo, 2020 akalipwa shilingi bilioni 7.7 na serikali.

Mama Shupavu
Pesa ya maiti!!! Yaani akifa mtu kesho mtamsafirisha kwa changarawe?

Mwanaapolo Mstaafu
Hiyo Black Star ilikaa kwao miaka wanazuilia mlango, hakuna aliyejua ni safaya. Aliyekula ni mnunuzi. Laizer nae alikuwa na machimbo yake na vijana wake, hakwenda na hema la likizo. Wengi tuliochimba tulitoka na kikohozi.

Dereva Mstaafu
Waambie wenzako kabla ya Agosti. Mweka hazina wetu wa chama cha madereva alisubiri mkutano, tulimkuta keshahamia Songea.

Sherlock wa Tandika
Wakuu, mnakunywa chai, hadithi hii ni ya kutunga. Nimepekua nyuzi zake. Mwezi uliopita huyuhuyu aliandika yupo Bunju, anauza kiwanja, "njoo uone hata leo". Mtu wa Bunju amefikaje Brisbane na watoto watatu?

Kiti Cha Mbele
Nilijua! Na sukari nimeshaweka.

Baba Zuhura
Kiwanja ni changu, anayekionesha ni mdogo wangu. Nilimpa akaunti hii aweke tangazo. Ni dhambi?

Sherlock wa Tandika
Weka picha ya machekeche.

Baba Zuhura
[picha]

Sherlock wa Tandika
Machekeche mapya juu ya zulia. Hata Kariakoo yapo.

Mwanaapolo Mstaafu
Chai au si chai, hayo machekeche yote mawili yana macho makubwa, matundu yake ni mapana. Safaya ndogo zote zitapita. Rudisha moja, chukua la macho madogo, unalipanga chini ya kubwa.

Mama Shupavu
Mzee unamfundisha tena!

Mwanaapolo Mstaafu
Swali lake lilikuwa hilo.

Dereva Mstaafu
Baba Zuhura, kama kiwanja kipo kweli, uza hicho ulipe watu. Rubyvale uende kwa amani na watoto.

Baba Zuhura
Kiwanja ni akiba ya wanangu mkuu. Naanza na mawe kwanza, yakikataa ndiyo nifikirie.

Mpangaji wa Kudumu
Samahani nimechelewa kuingia. Hicho cha Bunju kina hati au karatasi ya serikali ya mtaa?

Baba Zuhura
Kina hati mkuu. Njoo inboksi.