MREJESHO: Mikono ya galaksi M83 imetoka, rangi bado

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini picha zangu za M83 zinaonyesha kiini cheupe tu bila mikono, na nyota zimevutika kama vistari. Asanteni sana kwa majibu.

Ushauri ulioleta tofauti kubwa ni wa kupiga picha nyingi za sekunde 60 badala ya moja ndefu, kisha programu izipandanishe. Chenga za kamera hubadilika kila picha, galaksi inabaki palepale, hivyo wastani unaifichua. Ila subira inahitajika: ukiongeza picha mara nne, chenga zinapungua kwa nusu tu. Nilichagua usiku usio na mbalamwezi na nikapiga galaksi ikiwa juu kabisa. Mikono imeonekana! Mwanga uliosafiri takriban miaka milioni 15, na michirizi ya vumbi inahesabika. Nimefurahi mno.

Nyota nazo zimekuwa duara baada ya kuulenga upya mhimili wa stendi kwenye ncha ya anga, yaani ile sehemu ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Pembeni mwa picha bado zina mikia, kwa sababu ya kioo cha darubini chenyewe. Hapo kinahitajika kirekebishi, yaani lenzi ya ziada ya kuondoa mikia hiyo.

Kilichogoma ni yale mawingu mekundu ya hidrojeni. Mdau mmoja alinionya kwamba kichujio kilichomo ndani ya kamera ya kawaida hukata sehemu kubwa ya mwanga huo. Ni kweli, kuhariri hakujasaidia.