Kaosha kiatu kwa maji ya kunywa, halafu anatuambia bondeni hakuna shida ya maji!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukwa mnivumilie.

Nimetoka mkutanoni sasa hivi. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa miwani ya jua hata wingu likitanda. Tumemngoja tangu asubuhi mpaka kivuli changu kikaniaga. Mzee wetu mmoja akasimama, akaeleza kwa adabu zote: mheshimiwa, chanzo kiko pale mlimani, hakikauki, tunaomba banio la kukinga maji, bomba na tenki, maji yashuke yenyewe kwa mserereko, wala pampu hatutaki.

Jamaa akafungua chupa yake, akapiga mafunda mawili, YALIYOBAKI AKAYAMIMINA KWENYE KIATU. Anatoa vumbi! Vumbi letu! Ndipo akainua uso: "Nyie mko bondeni, mto huo hapo, maji gani tena mnayatafuta?"

Kiatu, wakuu. Mbele ya watoto walioamkia kuteka maji.

Mto uko chini, mashamba yako juu yake. Maji yalianza lini kupanda mlima? Ekari moja ya nyanya jua likiwa kali inataka kama milimita 5 kwa siku. Hizo ni lita 20,000, madumu elfu moja ya lita 20, na dumu likijaa ni kilo 20. Kila siku! Mgongo wangu utazikwa kabla yangu. Ukimwagilia leo ukaruka siku kadhaa, nyanya zinaoza kitako. Ila sikuja kubishana, narudi kwenye kiatu. Kilikuwa cheusi. Kilikuwa tayari kinang'aa! Kiatu kile kimepata mradi wa maji kabla yetu.

Jembe_Butu: Pole mkuu, ila hapo kwenye kiatu kupata mradi nimecheka mpaka mke wangu kaja kuangalia kuna nini.

Chura_wa_Kiangazi: Huyohuyo alikuja kwetu akapanda mti wa kumbukumbu, akaumwagilia kwa dumu la mama aliyekuwa anajipitia zake. Mti ulikufa. Dumu hatujaliona hadi leo.

Bibi_Shamba: Mleta uzi, alipomaliza kusema mlifanya nini? Mlipiga makofi. Kubali tu.

Mleta uzi: Nilipiga kidogo. Watu wote walikuwa wanapiga.

Bibi_Shamba: 😂😂 Basi kesho mpelekee na kiatu cha pili.

Koki_Kavu: Nyie mnalilia bomba, sisi tulipewa. Lilitoa maji wiki moja, sasa kuku wanatagia ndani ya tenki. Koki ikivunjika kila mtu anamtazama mwenzake, ukidai mchango wa matengenezo unaitwa mwizi.

Mfereji_wa_Chini: Shida si bomba, shida ni nyie wa juu. Mnafungulia mfereji usiku kucha, zamu yetu ikifika tunapokea matope na kandambili iliyopotea.

Koki_Kavu: Sisi ndio tunaolinda chanzo! Nyie mnalima mpaka ukingoni, siku moja mtapanda mahindi ndani ya mto.

Mfereji_wa_Chini: Mnalinda nini? Mikaratusi iliyozunguka chanzo nani kaipanda? Ile miti inakunywa kuliko kijiji kizima.

Mleta uzi: Jamani, na kiatu?

Koki_Kavu: Mikaratusi aliipanda babu yangu, yeye chanzo alikikuta kimejaa na akakiacha kimejaa. Usimtaje marehemu.

Mfereji_wa_Chini: Sijamtaja, nimetaja miti yake.

Jembe_Butu: Samahani kuingilia. Hiyo mikaratusi mkiikata, mbao zake zinafaa kwa kenchi?

Chura_wa_Kiangazi: Ukipaulia mbichi zinapinda. Zianike kwanza kivulini.

Jembe_Butu: Shukrani mkuu. Kwa muda gani?