Ubao wa picha darasani: je, mwalimu anaweza kuukataza?

Mama wa Kisauni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Binti yangu, mwenye miaka tisa, hawezi kutamka maneno kwa sababu ya mtindio wa ubongo, lakini anaelewa kila analoambiwa, na hujibu kwa kuonyesha kidole kwenye ubao wa picha na herufi niliomtengenezea kwa kadibodi. Wiki iliyopita mwalimu wake aliuweka ubao huo juu ya kabati kutwa nzima, akidai unawapotezea wenzake umakini, na katika jaribio la kusoma kwa sauti akampa sifuri. Mtoto alirudi nyumbani sketi imelowa, maana hakuwa na njia ya kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Je, nina haki ya kulalamika, au nikubali ushauri wao wa kumhamishia shule maalumu?

Mwalimu, Likoni
Waaleikum salaam. Pole sana, dada yangu; habari hii imeniuma. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa, na ubao wa binti yako umo katika hizo njia nyingine. Kumnyang'anya ni sawa na kumziba mtoto mwingine mdomo. Kuhusu sifuri, mwalimu angeweza kumpa kifungu cha habari asome kimyakimya, kisha amwulize maswali naye ajibu kwa kidole. Mimi hufanya hivyo, na haichukui zaidi ya dakika chache.

Baba wa Changamwe
Bi mkubwa, usikubali kuhama kabla mtoto hajafanyiwa tathmini katika kituo cha EARC, yaani kituo cha kupima mahitaji ya kielimu ya watoto wenye ulemavu; vituo hivi vilianzishwa nchini tangu 1984 kwa kazi hiyohiyo. Shule maalumu zina faida yake, ila uamuzi utokane na mahitaji ya mtoto, wala si uchovu wa mwalimu. Mwandikie mwalimu mkuu barua, ueleze tukio na tarehe yake, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Mwanangu ana kigugumizi, na maneno ya mdomo hayakutusaidia mpaka tulipoandika.

Mama wa Kisauni
Shukrani sana. Barua nitaipeleka kesho asubuhi. Binti mwenyewe ametaka nichore upya picha ya choo, iwe kubwa zaidi, na niiweke pembeni kidole chake kinapofika upesi.