Goti bandia na baridi yabisi: dawa zipi zisimamishwe?

Binti wa Kisauni
Asalaam aleikum. Shangazi atabadilishwa goti la kulia mwezi ujao hapa Mombasa. Ana baridi yabisi. Anameza methotreksati 15 mg kwa wiki, prednisoloni 5 mg kila siku, na hudungwa adalimumabu kila wiki mbili. Jirani kamwambia aache zote ili kidonda kipone. Ni kweli? Na akirudi nyumbani tuchunge nini?

Muuguzi wa Mifupa
Waaleikum salaam. Asiache zote, dadangu. Methotreksati iendelee: akiiacha ugonjwa huamka, vidole vikavimba akashindwa hata kushika mikongojo. Prednisoloni ni hatari zaidi kuikata ghafla, kwa kuwa mwili ulioizoea huchelewa kutoa homoni yake na presha yaweza kushuka akiwa kwenye meza ya upasuaji.

Ya kusimamisha ni adalimumabu, maana inapunguza kinga na goti bandia likiingia vijidudu ni kazi kubwa kuwatoa. Dozi moja irukwe, apasuliwe wiki ya tatu tangu sindano ya mwisho. Hurejeshwa baada ya kama siku 14, nyuzi zikiwa zimetolewa na kidonda kikavu. Tarehe hizo daktari wake wa viungo na mpasuaji wakubaliane wao. Na kama alidungwa steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) ndani ya goti hilo katika miezi 3 iliyopita, semeni mapema. Huenda upasuaji ukasogezwa.

Mtu wa Ganzi
Shingo imepigwa eksirei? Ziwe picha mbili, akiinama na akiinua kichwa. Baridi yabisi hulegeza kano za pingili mbili za juu; kichwa kikipindwa wakati wa kuingiza mpira wa hewa kooni, uti wa mgongo waweza kubanwa. Hata ikipangwa ganzi ya mgongoni picha zinahitajika, kwani ikigoma atalazwa usingizi.

Mazoezi Pwani
Nyumbani, mto usikae chini ya goti, litakakamaa likiwa limekunjika. Uwekeni chini ya kisigino, goti lining'inie linyooke. Kufikia wiki ya 6 lengo ni kukunja angalau digrii 90. Kuswali iwe kwenye kiti, na choo cha kuchuchumaa kitafutiwe kiti chake.

Kidonda kikitoa majimaji zaidi ya siku 5, arudi kwa mpasuaji. Msimnunulie antibayotiki dukani: zikitangulia kabla goti halijavutwa maji ya kupima, maabara yaweza kukosa kijidudu. Shavu la mguu likiuma na kuvimba, au pumzi ikibana, ni hospitali saa hiyo hiyo. Huenda damu imeganda.

Binti wa Kisauni
Shukran sana. Shingo haijapigwa, nitaulizia kesho. Ana jino bovu pia, lina shida?

Muuguzi wa Mifupa
Ndiyo. Litibiwe au ling'olewe kwanza, na ufizi upone kabla ya upasuaji.