Kambi ya vijana Moshi: mtoto aliyekulia nje aandaliweje?

Kutoka: Mama wa wawili, Minneapolis

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mwaka huu tumekubaliana na mama mkwe wangu, yuko Marangu, kwamba watoto waende kambi ya vijana ya kanisa huko nyumbani badala ya kushinda na simu likizo nzima. Mkubwa ni wa kike, miaka 15. Mdogo ni wa kiume, miaka 10. Kiswahili wanakisikia vizuri, kukiongea ndiyo kazi. Mwenye uzoefu anisaidie: tuwafungashie nini, tuwaandae vipi, na tuulize nini kabla ya kulipa ada? Naomba mniambie ukweli, nina hofu.

Jibu: Matroni wa mabinti, Moshi

Amen, mdogo wangu, na karibuni nyumbani. Mimi ni matroni kwenye kambi za vijana huku, na watoto wa kutoka nje nimewapokea wengi. Nianze na lile ninalowasihi wazazi wote: mtoto asitoke uwanja wa ndege wa KIA kuingia kambini. Akae kwa bibi kwanza, wiki moja hata kidogo, mbili ndiyo vizuri.

Najua ratiba inabana. Shule za huku hufunga karibu na mwanzo wa Juni na kufungua mapema Julai, na kambi nyingi huwekwa humo kwa sababu ndipo mabweni yanapokuwa wazi. Nyinyi wa Marekani mnaiwahi kwa shida kidogo, wenzenu wa Uingereza ambao shule zao hufunga karibu na mwisho wa Julai wanaikosa kabisa. Kwa hiyo ulizeni tarehe kabla ya kukata tiketi, na kama kuna kambi mbili, chagueni inayoanza baadaye hata kama ile ya mwanzo ndiyo yenye jina.

Kwa nini nasisitiza? Moshi iko mbele yenu saa nane wakati huo wa mwaka. Wenzake wakilala, yeye macho makavu. Somo likianza asubuhi, anasinzia, na kiongozi asiyejua anadhani ni utovu wa adabu. Tumbo nalo linahitaji siku chache kuzoea. Lakini kubwa zaidi ni kwamba kwa bibi anajifunza maisha ya kambi bila kutazamwa na umati wa watoto wenzake.

Chukua kuoga tu. Kuna binti alisimama nje ya bafu na ndoo yake ya maji ya moto mpaka yakapoa. Wenzake walishamaliza, wako juani wanasukana nywele, yeye hajui aanzie wapi na anaona haya kuuliza. Nikaingia naye nikamwonyesha: changanya na ya baridi, chota kwa kopo, jiloweshe, paka sabuni ukiwa umeacha maji kwanza, kisha jisuuze kuanzia juu, na ya mwisho ni ya miguu. Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Hilo bibi angemfundisha kwa asubuhi moja. Vivyo hivyo choo cha kuchuchumaa, kufua nguo za ndani kwa mkono na kuzianika, kutandika kitanda cha deka, kuosha sahani yake.

Saa pia. Mtoto akiambiwa maombi ni saa kumi na moja alfajiri, anaangalia saa yake anaona bado sana, kumbe kwake hiyo ni saa tano. Amefika mwisho, anatajwa mbele ya wote. Anzeni kuhesabu saa za Kiswahili hapo nyumbani kwenu tangu sasa.

Salamu mnazijua, ila wafundisheni kwamba shikamoo si ya mchungaji na matroni peke yao. Wapishi waamkiwe, mlinzi aamkiwe, mama anayefagia uwanja aamkiwe. Mtoto wa namna hiyo anapendwa na kambi nzima siku ya kwanza.

Biblia wape ya Kiswahili, na wafanye mazoezi ya majina ya vitabu kwa mpangilio wake. Watoto wenu wengi wanalijua Neno vizuri, lakini akisikia “tufungue Waraka wa Yakobo” anabaki anapekua kurasa, maana yeye anakijua kwa jina lingine kabisa. Kuna mashindano ya kufungua na ya kukariri mistari, na inaniuma mtoto anayejua akionekana hajui. Mapambio nayo waanze kuyaimba garini. Kwa mapambio mtoto anapata marafiki upesi kuliko kwa mazungumzo.

Sasa la usiku, na hapa naomba usome taratibu. Makanisa yetu mengi, hata ya Kilutheri, yana moto wa uamsho. Usiku wa mkesha vijana wote wanaomba kwa sauti kwa wakati mmoja, wengine wanalia, wengine wanaanguka, watumishi wanakemea mapepo. Mtoto aliyezoea ibada ya saa moja yenye utulivu anaweza kuogopa kweli kweli. Nimewahi kumkuta mvulana wa umri kama wa mwanao amejificha chini ya kitanda cha bweni, amekumbatia viatu vyake. Hakuna aliyemdhuru, ila hakuna aliyemwandaa. Mweleze atakachoona. Mwambie anaweza kuomba kimya, anaweza kukaa, anaweza kutoka akaja kwa matroni, na hiyo si dhambi. Na wewe muulize kiongozi wa kambi kabla: watoto wa chini ya miaka 12 wanakaa kwenye mkesha mpaka saa ngapi? Kijana akiitwa mbele kutoa maisha yake kwa Yesu, analazimishwa au anaachwa aamue? Anayeomba naye peke yake ni nani, na wapi? Kiongozi mzuri anajibu haya bila kukasirika. Anayekasirika, hela yako irudi mfukoni.

Uliza pia kuhusu viboko. Huku shuleni fimbo bado ipo, na wapo viongozi wanaoihamishia kambini. Sema wazi kwamba wanao hawachapwi, upate jibu kwa maandishi. Uliza nani analala na watoto bwenini, kama mabinti wana matroni wa kike usiku kucha, na kama mtu mzima huwa peke yake na mtoto mmoja chumbani. Wafundishe wote wawili namba 116, ni simu ya huduma kwa mtoto Tanzania, haina malipo.

Chakula ni uji au chai na mkate asubuhi, makande, ugali na maharage, wali siku ya kufunga kambi, na ndizi kwa kuwa tuko Uchagani. Kinachonitia wasiwasi ni karanga. Huku zinaingia kwenye mboga bila mtu kutangaza. Mwenye mzio wa karanga aje na kalamu zake mbili za adrenalini, yaani sindano za dharura, msitegemee kuzipata huku, na mpishi mkuu aambiwe ana kwa ana na bibi mwenyewe. Barua pepe haifiki jikoni.

Mizigo nisiwachoshe. Juni hadi Agosti ndiyo baridi yetu, na kama kambi iko juu Marangu au Machame kuna ukungu na manyunyu asubuhi, kwa hiyo sweta nzito, soksi, koti la mvua. Godoro, ndoo, kopo na blanketi vinunuliwe hapa hapa, sweta hata soko la mitumba la Memorial mtapata nzuri. Tochi, ndala, chandarua, daftari. Binti abebe sketi ndefu na khanga mbili, moja ya kujifunga akienda kuoga. Pedi za kutosha aje nazo mwenyewe. Viatu vya bei mbaya viacheni. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, nguo zenye maji ziwekwe kwenye mfuko wa kitambaa. Simu kambi nyingi hukusanya zote siku ya kwanza. Kubalianeni nyumbani kwamba hamtaongea siku hizo, ili mtoto asione ameachwa.

Jibu: Baba wa watatu, Leicester

Dada yangu wa Moshi umemaliza, naongeza la karatasi na dawa tu.

Wakisafiri bila nyinyi, waandikieni barua ya idhini iliyosainiwa na wazazi wote wawili na kugongwa muhuri wa notari, ikimtaja bibi kama mlezi, pamoja na ruhusa ya matibabu. Nakala moja kwa bibi, moja kwa kiongozi wa kambi. Wakitumia pasipoti ya Marekani, viza ni dola 100 kila mtoto, na mtoto naye anahesabiwa. Ombeni mtandaoni mapema.

Malaria msiichukulie kirahisi kwa sababu sisi wenyewe tulikua nayo. Hawa waliozaliwa huko hawana kinga yoyote. Juu mlimani hatari ni ndogo, lakini watashuka Moshi mjini na pengine TPC, kule kwenye mashamba ya miwa, kusalimia ndugu. Nendeni kwa daktari wa wasafiri wiki kadhaa kabla. Kuna dawa za kila siku zinazoanza siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea siku saba baada ya kurudi, kwa watoto hupimwa kwa uzito. Doksisiklini kwenu Marekani kwa kawaida haipewi aliye chini ya miaka 8, kwa hiyo wenye wadogo zaidi muulize. Kambini dose ishikwe na mtu mzima mmoja anayejulikana. Mtoto akipata homa huko, hospitali ya KCMC ipo Moshi. Akiipata baada ya kurudi, hata miezi kadhaa baadaye, mwambieni daktari neno la kwanza kabisa kwamba alikuwa Tanzania.

Mkipita Nairobi au Addis Ababa mkakaa zaidi ya saa 12 uwanjani, cheti cha homa ya manjano kitadaiwa. Chagueni ndege yenye kusubiri kufupi.

Kutoka: Mama wa wawili, Minneapolis

Mbarikiwe sana. Hilo la mkesha sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Mdogo ameshaanza kuoga kwa ndoo kwenye bafu letu, anafurahia. Shida ni mkubwa. Jana amesema haendi. Anasema likizo iliyopita binamu zake walicheka Kiswahili chake na hataki kuchekwa na bweni zima. Baba yake anasema ataenda atake asitake. Dada, unashaurije?

Jibu: Matroni wa mabinti, Moshi

Mwambie shemeji kwa heshima zote: asimburute. Msichana wa miaka 15 aliyeletwa kwa nguvu anakaa pembeni kambi nzima, na Mungu anayehubiriwa pale anaonekana kwake kama mshirika wa baba yake.

Kuchekwa huko ni kweli, na kunaumiza. Watoto wa huku wanamwita mzungu wakidhani ni utani. Mimi huwaambia viongozi wa vikundi kabla mgeni hajafika, nao wanawaambia wenzake, na mara nyingi inakoma. Lakini asisubiri kambi ndipo ajulikane. Ile wiki ya kwanza kwa bibi, aende mazoezi ya kwaya ya vijana usharikani. Kwenye kwaya hahitaji kuhojiwa. Anasimama kwenye sauti yake, anafuata, anajifunza maneno kwa kuyaimba, na akifika bwenini tayari kuna wawili watatu wanaomwita kwa jina na kumshikia kitanda cha jirani.

Nafasi yake tumshikilie, ada ya mkubwa msilipe bado. Aamue akiwa hapa, baada ya mazoezi hayo. Akisema hapana, iwe hapana. Aje na bibi yake Jumapili ya kufunga kambi, aimbe na wenzake wa kwaya, ale wali, amchukue mdogo wake waondoke.

Nitumie namba ya mama mkwe kwangu moja kwa moja, usiiweke hapa kwa wote. Nitampigia nijue usharika wake wana mazoezi siku zipi.