Kampuni ya kusambaza vifurushi Mtwara inatuita sisi madereva wa pikipiki wakandarasi huru, huku inatupangia hadi saa ya kula. Huu ni wizi wa haki zetu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na siombi kupoozwa.

Saa moja kamili asubuhi uwe umeshasaini daftari ofisini, ukichelewa unakatwa. Unavaa fulana ya kwao, boksi la nyuma lina nembo yao, na njia unapangiwa: leo Shangani na Ligula, kesho Mikindani, keshokutwa Naliendele. Kukataa mzigo hakuna, ukithubutu tu kesho yake hupewi kitu. Kumbebea mtu mwingine mzigo wake ni kosa la kufukuzwa. Ila siku ukiulizia likizo au NSSF, mkataba unatolewa kabatini na kidole kinawekwa kwenye kipengele kilekile: "Mtoa huduma ni mkandarasi huru na si mwajiriwa." Mazungumzo yanaishia hapo.

Mwenzetu aliteleza barabara ya Mikindani mvua ikinyesha, akavunjika mguu, mizigo yao ikiwa nyuma. Mtu wa kwanza kutoka ofisini hakuja na usafiri wa kumkimbiza hospitali. Alikuja kuhesabu vifurushi! Kimoja kilikuwa kimechanika na kuingia maji, akaandikiwa deni mtu akiwa bado amelala pembeni ya lami. Matibabu tumechangishana madereva, elfu mbili mbili, elfu tano tano, na mkewe akauza korosho walizokuwa wameziweka. Baadaye akapigiwa simu: pikipiki yako haitembei, tumeshaweka mtu mwingine.

Angetambuliwa kama mfanyakazi, matibabu na fidia vingekuwa juu ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wa mfuko ule analipa mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Hapo ndipo wanapokwepa.

Najua watakuja wa kusema "si ulisaini mwenyewe?" Ndiyo, nilisaini. Hapa kwetu msimu wa korosho ukipita hela inakauka mtaani, mtu mwenye watoto akiletewa karatasi ya kazi anasaini. Lakini someni kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004. Mtu anayemfanyia mwenzake kazi anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, mkataba uwe umeandikwa vyovyote vile, ikiwepo hata sababu moja tu kati ya zilizotajwa. Kusimamiwa namna ya kufanya kazi ni sababu. Kupangiwa saa, sababu. Kufanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho, sababu. Sisi hizo 45 zinatimia kabla wiki haijaisha. Kumtegemea kiuchumi huyo unayemfanyia, na kumfanyia yeye peke yake, navyo vimo.

Wao utetezi wao ni mmoja: pikipiki na mafuta ni vyenu. Sawa, ni vyetu, na hiyo ni dhuluma ya pili, maana kifurushi cha buku jero ukitoa mafuta na tairi unabaki na nini? Ila sheria haikusema lazima sababu zote zitimie.

Hata Uingereza hili limefika mbali. Februari 2021 Mahakama ya Juu kule iliamua madereva wa Uber wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Novemba 2023 mahakama hiyohiyo ikakataa kwamba wasambazaji wa Deliveroo, kampuni ya kupeleka vyakula, wana uhusiano wa ajira unaowapa haki za chama cha wafanyakazi, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wao waliruhusiwa kumtuma mtu mwingine badala yao. Sisi je? Jaribu kumtuma mdogo wako na boksi lile uone kama atapita getini.

Shauri la kuachishwa kazi linafunguliwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, na mengine ndani ya siku 60. Siku za huyu ndugu zinakwenda akiwa na plasta mguuni. Mwenye kumjua wakili au kiongozi wa chama cha wafanyakazi Mtwara au Lindi aliyewahi kusimamia shauri la namna hii, anijibu hapahapa. Na madereva wa Lindi, Masasi na Newala mlio na mkataba wa aina hii, pigeni picha ukurasa wenye kipengele hicho, fichieni majina yenu, mnitumie inbox leo.